Kulinganisha usalama wa makao ya wazee ya Tanga na ya mikoa mingine

Anza na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu anauliza makao mawili ni wazee wangapi wameanguka, anajibiwa 9 Tanga na 12 kwingine, basi anaandika kwamba Tanga kuna usalama zaidi. Idadi tupu haitoshi. Chukua wastani wa wazee waliokuwepo, uzidishe kwa siku za kipindi chenyewe. Kisha gawanya idadi ya walioanguka kwa jawabu hilo na uzidishe kwa 1,000, upate maanguko kwa kila siku 1,000 za wazee kukaa pale. Tuseme kipindi ni siku 90, Tanga wapo wazee 30 na kule wapo 60. Tanga ni 9 ÷ 2,700 × 1,000, yaani 3.3. Kule ni 12 ÷ 5,400 × 1,000, yaani 2.2. Matokeo yamegeuka.

Kabla ya kuiamini hiyo 2.2, omba madaftari. Mwandikie barua mfawidhi wa makao kupitia ofisi ya ustawi wa jamii, ueleze kwamba hutanakili majina ya wazee. Uwe unakwenda Mwanzange hapa jijini, Nunge ya Kigamboni au Fungafunga ya Morogoro, maswali yawe yale yale. Linganisha daftari la matukio na lile la kupokezana zamu, kisha na orodha ya waliopelekwa hospitali. Mzee aliyevunjika nyonga akapelekwa Bombo, halafu daftari la matukio halina habari zake, anakuonyesha kwamba pale hawaandiki. Daftari jeupe la miezi mitatu linatia shaka kuliko lililojaa. Kubalianeni pia kuanguka ni nini: mzee kujikuta sakafuni bila kukusudia, ameumia au hakuumia. Makao yanayoandika waliovunjika tu yatang'aa kwa dhuluma.

Watenge wazee katika mafungu matatu: wanaotembea wenyewe, wanaotembea kwa kusaidiwa, na walio kitandani. Wa fungu la tatu huanguka mara chache, lakini hupata vidonda vya kulalia, kwa hiyo kwao uliza karatasi ya kugeuzwa. Utaratibu uliozoeleka ni kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Ukikuta saa zote zimejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, mchana na usiku, huenda zilijazwa kwa mkupuo.

Ukaguzi wa mchana peke yake haufai kitu. Rudi usiku, na saa utakayokwenda Tanga iwe ndiyo ya kwenda Morogoro. Hesabu wahudumu walio macho, si walioandikwa kwenye ratiba. Kisha fuata njia ya mzee kutoka kitandani hadi chooni, maana safari hiyo ya usiku ndiyo inayoangusha wengi. Beba tochi na futi ya kamba. Akikaa ukingoni mwa kitanda nyayo ziguse sakafu; kwa wengi kimo cha sentimita 45 hadi 50 kinafaa. Mlango uwe na nafasi ya sentimita 80 kwa kiti cha magurudumu, na vyuma vya kushikia viwe kwenye kimo cha sentimita 85 hadi 95. Penye mteremko badala ya ngazi, kila sentimita 1 ya kimo idai sentimita 12 za urefu. Ukiwa mkali zaidi, kiti kitamshinda mhudumu.

Madirisha yana nondo karibu kila mahali, na mlango hufungwa kufuli usiku. Uliza ufunguo anao nani, kisha mwombe aufungue huku ukitazama saa. Mtungi wa kuzimia moto mshale wake uwe kwenye kijani, na mhudumu wa zamu aijue 114 ya Zimamoto bila kuchungulia ukutani.

Yapo mambo ambayo hayalingani kimkoa, nayo yawekwe kando. Tanga chumvi ya bahari hula vyuma: kishike cha chooni ukitikise kwa nguvu, usitazame rangi. Masika ya Machi hadi Mei baraza huteleza, kwa hiyo kipimo cha Januari hakitoshi. Wakati wa joto angalia maji ya kunywa yako karibu na mkono wa mzee, kwani uzeeni kiu hupungua hata mwili ukiwa umekauka. Milimani Lushoto au Moshi hofu ya Juni na Julai ni jiko la mkaa kuingizwa chumbani. Kaboni monoksidi haina harufu, na aliyelala hatambui.

Wenye ndugu Marekani wataulizwa kuhusu nyota 1 hadi 5 ambazo serikali ya kule huyapa makao ya wazee. Nyota za ukaguzi hupangwa ndani ya jimbo moja: asilimia 10 bora hupata 5, asilimia 20 za chini hupata 1. Nyota 4 za Texas basi hazipimwi na nyota 4 za Ohio. Nanyi msijumlishe kila kitu kuwa alama moja. Maanguko, vidonda, zamu ya usiku na moto kila kimoja kiwe na safu yake. Jedwali likiwa tayari, mpelekee kila mfawidhi safu zake azisahihishe kabla hamjazisambaza.