Jinsi ya Kupanda Ngazi za Tuzo ya Rais Nchini Kenya

Tuzo ya Rais, mpango wa kuwakuza vijana ulioanza nchini Kenya mwaka 1966, ina ngazi tatu: Shaba, Fedha na Dhahabu. Unaweza kuanza Shaba ukiwa na miaka 14, Fedha 15 na Dhahabu 16, na kazi yote sharti ikamilike kabla hujatimiza miaka 25. Hushindani na yeyote, kwa kuwa kila mshiriki hupimwa kwa lengo alilojiwekea akishauriana na kiongozi wake.

Chagua shughuli tatu: huduma kwa jamii, ujuzi na mazoezi ya mwili. Katika Shaba, kila shughuli huchukua angalau miezi 3, na moja kati yake huongezewa 3 mingine. Fedha hudai miezi 6 kwa kila shughuli na Dhahabu 12, na anayeruka ngazi iliyotangulia huongezewa miezi 6 katika shughuli mojawapo.

Wengi wanaokwama hukwamia katika shughuli hizi, wala si kwenye msafara wa porini. Kinachotakiwa ni wastani wa saa moja kila wiki, na kushinda Jumamosi nzima ukifanya kazi hakufidii wiki ulizokaa bure. Kwa hiyo chagua jambo utakaloliweza hata majira ya mitihani. Andika kumbukumbu siku iyo hiyo. Ukiandika "nilijifunza huduma ya kwanza", mtathmini hana la kushika, lakini ukiandika "nilifunga bendeji kwenye kifundo cha mguu, ikalegea mara mbili, ya tatu ikakaza", anaona ulikotoka na ulikofika.

Kila ngazi ina msafara pia, nao hufanywa na kundi la watu 4 hadi 7 wanaosafiri bila chombo cha injini: siku 2 na usiku 1 kwa Shaba, siku 3 kwa Fedha, siku 4 kwa Dhahabu. Hutanguliwa na mafunzo na safari ya majaribio, na hiyo usiidharau. Lisimamisheni hema nyumbani kwanza na mhesabu vigingi, maana upungufu ukigunduliwa porini giza limeshaingia, hakuna duka. Dhahabu ina nyongeza moja, yaani mradi wa siku 5 mbali na nyumbani, pamoja na watu usiowazoea.

Omba saini ya mtathmini mara tu kila kipengele kinapokwisha, kwa sababu mwalimu akihamishiwa kaunti nyingine, kumtafuta kunaweza kukuchelewesha kuliko msafara wenyewe.