Mbegu Ikishaingia Udongoni, Iache: Ushauri kwa Anayeanza Bustani ya Mboga Nairobi

Kosa langu kubwa katika bustani yangu ya kwanza, pale Utawala, halikuwa la mbolea wala la maji. Nilisia dania Jumamosi, na kufikia Alhamisi nilikuwa nafukua kwa kidole nione kama imeota. Mara ya tatu, shosho jirani yangu aliniita kutoka ng'ambo ya ua: "Mjukuu wangu, hata wali ukiufunuafunua hauivi." Mbegu nilizofukua zilikuwa zimeshaanza kupasuka, na vijizizi vyake vyeupe vilikauka juani mchana huo huo. Zile nilizozisahau pembeni ziliota siku ya 12.

Ndiyo maana mtu akiniomba ushauri wa kuanza, namwambia kwanza siku za kungoja. Sukuma wiki na kabichi huota kati ya siku 4 na 7 udongo ukiwa na unyevu. Spinachi huchukua wiki moja hadi siku 10. Dania na karoti, siku 10 hadi 14, na baridi ya Julai huzichelewesha zaidi. Chomeka kijiti kwenye kila mstari, uandike juu yake jina la mboga na tarehe. Ukijua siku yake, mkono hautakuwasha.

Sisi tunaokwenda ibada tumeusikia tangu utotoni mfano wa mtu aliyemwaga mbegu shambani, akawa analala na kuamka, nayo ikamea asijue imekuwaje. Nilipopanda ndipo nilipoona kwamba mtu yule hakuwa mzembe. Alikuwa amemaliza sehemu yake. Sehemu yako ni udongo, maji na ulinzi. Kuotesha si kazi yako, na siku nilipokubali hivyo nilianza kulala vizuri.

Lakini sehemu yako ifanye kwa bidii, hasa udongo. Upande wa Dagoretti na Kabete udongo mwingi ni mwekundu, unapitisha maji vizuri. Mashariki, kuanzia Embakasi hadi Ruai, mwingi ni mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unavimba na kung'ang'ania gambuti, na jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji yanywewe, kisha ujaze tena. Kama baada ya muda wa saa 4 maji bado yamesimama, usipande kwenye usawa wa ardhi. Inua tuta la upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 20 hadi 30, ili ufikie katikati bila kulikanyaga. Mizizi ya mboga ikikaa ndani ya maji huoza, na majani hugeuka manjano, nawe ukadhani mmea una njaa ya mbolea.

Kila mita moja ya mraba ichanganyie debe moja la samadi iliyoiva. Nasisitiza iliyoiva. Ukiingiza mkono ndani ya lundo usikute joto, harufu iwe ya udongo wa msituni, na majani yaliyokuwemo yasitambulike. Samadi ya kuku ndiyo kali zaidi, inahitaji miezi kadhaa ya kuoza, la sivyo itaunguza miche. Ukitaka kujua udongo wako umepungukiwa na nini, maabara ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, iliyoko Kabete hupima. Kwa kipande kikubwa, gharama hiyo ina faida. Kwa matuta mawili ya nyuma ya nyumba, anza na samadi.

Mbegu nunua kwenye agroveti, pakiti iwe na kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua ubora wa mbegu, na utazame tarehe ya mwisho. Sukuma isie kitaluni mwezi wa Februari ili ihamishwe mvua za Machi zikianza, au Septemba kwa mvua za Oktoba. Mistari iwe na kina cha sentimita 1, ifunikwe kwa nyasi kavu, na nyasi hizo ziondolewe mara tu miche inapochomoza. Baada ya wiki 4 hivi, mche ukiwa na majani 4 hadi 6, uhamishe jioni. Acha sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya mche na mche. Mwanzoni utaona nafasi hiyo ni uharibifu wa ardhi. Vumilia, kwa sababu waliobananisha huvuna majani madogo.

Mwagilia asubuhi, polepole, maji yafike kwenye mizizi. Kwa sababu ya mgao wa maji, wengi wetu tunatumia maji ya kuoshea mboga na mchele, na hayo hayana shida. Maji ya mtaro au ya mto unaopitisha maji taka usiyaguse, hata kiangazi kikikaza, maana mboga hizo zitaliwa na watoto wako.

Vidukari hujificha chini ya majani, basi geuza majani kila baada ya siku mbili tatu. Ukiwakuta, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, ukijaribu kwanza kwenye mmea mmoja. Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, soma kwenye lebo siku za kungoja kabla ya kuvuna, na uzitimize zote.

Wiki 6 hadi 8 baada ya kuhamisha, anza kuchuma kutoka chini, mawili matatu kwa kila mmea, ukiacha majani ya juu yaendelee. Limbuko langu lilitosha sufuria moja tu. Nililigawa mara mbili, nusu nikampelekea shosho, naye akalishika mkononi akaliombea baraka kabla ya kulipokea. Kisha aliniuliza nimesia nini kingine. Jioni hiyo nilisia mstari wa managu, nikachomeka kijiti chenye tarehe.