SOMO: Mwendo, ki (noti ya nyumbani na ngazi yake) na tabia ya sehemu ya kwanza ya konseto ya 5 ya Mozart (fidla)

Kila wiki naulizwa jambo lile lile: "Mwalimu, ile ya Mozart ni ki gani, niipige kasi gani?" Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

Kazi yenyewe, konseto (mpigaji mmoja mbele ya okestra), ni K. 219, yaani namba yake kwenye orodha ya Köchel ya kazi za Mozart. Mozart aliikamilisha Salzburg tarehe 20 Desemba 1775, akiwa na miaka 19. Naongelea sehemu ya kwanza tu.

1. Hesabu shapu (alama za # mwanzoni mwa mstari, zinazopandisha noti nusu sauti). Ziko 3: F, C na G.

2. Tazama besi (sauti ya chini kabisa) inatua wapi mwishoni. Inatua A, basi ni A meja. Wanakwaya: doh ni A.

3. Sikiliza nyuzi tupu (zisizobanwa na kidole). A ni doh, E ni soh, D ni fah, kwa hiyo nyuzi 3 kati ya 4 ziko nyumbani kwao. Jaribu: weka kidole cha tatu kwenye uzi wa E upate A ya juu, uipige safi, halafu tazama uzi wa A. Unatikisika na hujaugusa. Kidole kikipotoka kidogo tu, unanyamaza. Ung'avu wa muziki huu nusu yake unatoka hapo. Mgeni ni uzi wa G, maana te ya ki hii ni G shapu. Ukiuachia wazi kwa uzembe, umeishusha te na kila mtu kasikia.

4. Soma neno lililoandikwa juu: Allegro aperto. Allegro ni uchangamfu, aperto ni wazi. Maneno hayo hayo Mozart aliyaandika kwenye konseto za piano K. 238 na K. 246. Mimi nalichukulia kama mtu anayeingia sebuleni kifua mbele, hana haraka na hana aibu. Upinde mrefu, noti zisibanwe.

5. Adagio (mwendo wa taratibu) iliyo ndani ya sehemu hii ya kwanza. Hapa ndipo nilipoumbuka, kwa hiyo vumilieni.

Okestra inaanza peke yake, baa 39 (za muziki, si za bia). Unangoja umeshika fidla, damu inachemka, unatamani kurukia. Zamu yako ikifika, Mozart anabadilisha kila kitu: Adagio, baa 6, fidla yako inaimba taratibu na ala za nyuzi za okestra zinanong'ona chini yake kwa noti ndogondogo. Baada ya hapo Allegro inarudi.

Nilikuwa kwenye usaili, nasindikizwa na piano. Adagio niliipiga tamu mpaka nikajipenda. Allegro iliporudi, sikukumbuka tena ilikuwa na mwendo gani, nikafyatuka kama daladala inayowahi abiria. Mpiga piano alinifuata, afanyeje? Noti za mbio zilipofika, vidole viligoma. Nilisimamishwa kabla ya ukurasa wa pili.

Kosa langu lilikuwa hili: Allegro inaporudi, chini ya wimbo wako mpya okestra inapiga zile noti za kupanda ilizofungulia muziki. Mwanzo ule kumbe ulikuwa kiandamizi (muziki wa kusindikiza) kinachomsubiri mwenyewe. Kwa hiyo mwendo lazima uwe ULE ULE wa baa ya kwanza. Usiubuni pale. Kabla ya kuingia, imba kichwani baa mbili za mwanzo wa okestra, ndipo uinue upinde. Na usifanye mazoezi ya Allegro kwa kuanzia Allegro. Anzia Adagio kila mara, la sivyo hutajua kama unaruka.

MASWALI

Mdau 1: Sijasoma yote, BPM (mapigo kwa dakika) ngapi?

Jibu: Soma yote.

Mdau 1: Si useme tu namba, mkuu?

Jibu: Mozart alifariki 1791. Metronomu ya Maelzel, kifaa cha kupimia mwendo, ilipata hataza 1815. Namba unayoiona kwenye kitabu chako kaiweka mhariri. Mimi nafanyia mazoezi 116, napiga karibu 126. Usiniletee lawama vidole vikigoma.

Mdau 2: Konseto ya 3 nayo ni A?

Jibu: G. Shapu 1. Hatua ya kwanza umeiruka.

Mdau 3: Shikamoo mwalimu. Mimi napiga fidla ya taarab. Kwetu mtu anaweza kufungua kwa taksim, peke yake, kabla ngoma hazijaingia. Hiyo Adagio si ndiyo taksim yenyewe?

Jibu: Marahaba. Umeniletea swali zuri mpaka nimeketi. Sikio lako halijakosea: mpigaji anajitokeza, muda unasimama, watu wanamtazama. Ila taksim unaitunga pale pale na huna mapigo ya kukubana. Hapa kila noti imeandikwa, na wale wanaonong'ona chini wanahesabu. Taksim yako itafute karibu na mwisho, kwenye kadenza: okestra inanyamaza, unabaki wewe. Mozart hakutuachia kadenza ya konseto hii, wengi wanapiga ya Joachim, mpiga fidla wa karne ya 19. Wewe tunga yako, una shule tayari.

Mdau 3: Ahsante. Na kwa nini inaitwa ya Kituruki? Sisikii Uturuki wowote.

Jibu: Uko sehemu ya tatu. Minueti (dansi ya mapigo matatu) inakatwa na Allegro ya mapigo mawili, A maina, kuigiza bendi za askari wa Kiosmani. Chelo na besi zinapiga nyuzi kwa mti wa upinde. Sehemu ya muziki huo aliitoa kwenye baleti yake ya 1772.

Mdau 4: Mti wa upinde hauharibiki?

Jibu: Unachubuka rangi. Beba upinde wa bei poa kwa ajili ya kipande hicho.

Mdau 4: Na ule unga mweupe juu ya nyuzi, wa ulimbo unaopakwa upinde, nifute na spiriti?

Jibu: Kitambaa kikavu, kila ukimaliza kupiga. Spiriti ikidondokea vanishi inaitoa.