Jinsi ya Kusimama Kiwandani na Kuona Kazi Inapopotelea

Mwezi uliopita nilikaa siku tatu na msimamizi mpya wa zamu katika kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti hapa Dodoma. Mwenye kiwanda alikuwa amemwagiza atafute mahali pa kuboresha, naye siku ya kwanza nilimkuta ofisini akipanga majedwali kwenye kompyuta. Nilimwomba aifunge, kwa sababu majedwali ya viwanda vyetu aghalabu hujazwa jioni, kwa kumbukumbu, na mtu aliyechoka. Utaratibu niliomwelekeza ndio ninaouandika hapa. Wajapani, ambao kwao utaratibu huu ulikomaa, hupaita mahali kazi inapofanyikia gemba, na upotevu wa kila namna huuita muda. Ni sadfa tu ya sauti, lakini kwa sisi wasemaji wa Kiswahili sadfa hiyo inafundisha zaidi ya semina nyingi nilizohudhuria.

Hatua ya kwanza: chagua mahali pamoja

Usizunguke kiwanda kizima. Chagua sehemu moja ambako kazi hukwama mara kwa mara, na swali moja la kujibu.

Hatua ya pili: jitambulishe kabla ya kutazama

Fika mwanzo wa zamu, wasalimie watu wote kwa utaratibu wao, ukianza na wazee. Pale kwetu, Mgogo akisikia "Mbukwa" kutoka kwa mgeni hulegeza mabega. Eleza kwa maneno machache kwamba unaitazama kazi, humtazami mtu, na kwamba hakuna jina litakaloandikwa. Ahadi hiyo uitimize. Usifike ukiwa umefuatana na mwenye kiwanda, kwa sababu siku hiyo utakachokiona ni adabu tu.

Hatua ya tatu: andaa vifaa

Chukua daftari la hesabu lenye miraba, penseli na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Ninasisitiza penseli, kwa maana karatasi ikishaguswa na mafuta kalamu ya wino hukataa kuandika. Simu iache mfukoni hata kama ina programu nzuri kiasi gani: ukiinyanyua, kila mtu huamini kwamba anapigwa picha, na baada ya hapo hakuna anayefanya kazi kama anavyoifanya siku zote.

Hatua ya nne: simama, wala usiisimamishe saa

Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota aliyezaliwa mwaka 1912, anakumbukwa kwa kuchora duara la chaki sakafuni na kumwamuru mhandisi asimame ndani yake kwa saa nyingi mpaka aone tatizo. Kwenye sakafu ya kiwanda cha mafuta chaki haishiki, kwa hiyo mimi huchagua nguzo na kuiegemea, mbali na mikanda ya mashine na nje ya njia ya toroli.

Hatua hii ndiyo iliyonigharimu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kiwanda kingine, nilitumwa kuchunguza ni kwa nini mashine ya kukamua haikufikia kiwango chake. Mbegu zilitoka stoo kwa toroli, gunia moja moja, na mzee mmoja ndiye aliyezisukuma na kuzimimina. Nilipima muda tangu anaponyanyua gunia stoo, analimimina, hadi anaporudi stoo na toroli tupu, nikapata dakika sita, ambazo ndizo mashine ilizozihitaji kumeza gunia moja. Hayo ni magunia 10 kwa saa, yaani 80 kwa zamu ya saa nane za kazi. Daftari la stoo lilionyesha magunia 55. Nilipima tena siku ya pili na ya tatu, na jibu likawa lile lile. Nikaanza kuamini kwamba kuna magunia yanayotoka bila kuandikwa, na nilikaribia sana kumtuhumu mtunza stoo mbele ya mkubwa wake.

Kilichoniokoa ni aibu ya kumuuliza mzee yule kabla ya kuandika ripoti. Nilimwamkia, nikamwambia kwamba hesabu zangu zimenishinda. Akanijibu, "Mwanangu, wewe ukiona nimekaa unakwenda kunywa chai. Sasa kukaa kwangu nani anakuandikia?" Ilikuwa kweli tupu. Kila alipoketi juu ya toroli lake mimi niliona kwamba kazi imesimama, basi niliisimamisha saa na kuondoka. Magunia 25 yaliyokosekana, kwa dakika sita kila moja, ni dakika 150, na zote zilikuwa ndani ya mapumziko yangu ya chai.

Kwa hiyo, pima kutoka gunia moja kumiminwa hadi gunia linalofuata kumiminwa, na katikati yake usiiguse saa kwa sababu yoyote. Andika kila kituo na saa yake: mzee ameketi, saa 4:12, ameinuka, saa 4:31. Gawa ukurasa kwa mstari wa wima, kushoto uandike ulichokiona kwa macho na kulia unachokidhani, kwa kuwa "mvivu" ni dhana na "ameketi dakika 19" ni kilichoonekana. Nusu saa ya kwanza itupe yote, kwani watu huharakisha wakijua wanatazamwa, kisha huchoka kuigiza. Simama angalau saa mbili mfululizo, na urudi saa tofauti siku nyingine, maana asubuhi yenye malori matano ya wakulima getini haifanani na alasiri tulivu. Msimu nao una neno: utazamaji wa Julai, mavuno yakiwa yamejaa stoo, hautakueleza lolote kuhusu Februari. Nafasi ikiwepo, chora ramani ya sakafu kwenye miraba ya daftari na ufuatishe kwa mstari kila safari ya mtu mmoja. Mchoro utakaotoka utafanana na sahani ya tambi, na pale mistari inapobanana pana swali.

Jihadhari pia na upotevu usioketi. Mashine ya kukamua ikikosa mbegu hupoa, na ikianza tena mashudu ya mwanzo hutoka yakiwa bado na mafuta. Yakishapoa kidogo, yabane kiganjani uone. Dakika 19 za kusubiri zilikuwa zinaendelea kugharimu hata baada ya mzee kuinuka.

Hatua ya tano: uliza "kwa nini" mpaka umpite mtu

Kwa nini mashine inasubiri? Gunia halijafika. Kwa nini? Stoo imefungwa. Kwa nini? Mtunza stoo yuko kwenye mizani na ufunguo anao yeye. Kwa nini? Ni yeye pekee anayeruhusiwa kusaini hati za mzigo unaoingia. Kwa nini? Utaratibu huo uliwekwa wakati kiwanda kilipokea lori moja kwa siku. Ukiishia kwenye swali la tatu, utapendekeza mtunza stoo aonywe, na kesho yake malori yatakuja vile vile.

Hatua ya sita: jaribu jambo dogo kwanza

Tulizungushia wavu eneo dogo kando ya mashine, tukaweka magunia 20 kila baada ya saa mbili, na msimamizi wa zamu akayasainia. Wapo waliotaka tuweke ya siku nzima. Nilikataa, kwa sababu magunia mengi pale huziba njia ya toroli, huita panya, na huficha tatizo lile lile lisionekane tena. Wiki ya pili daftari la stoo lilionyesha magunia 70 na kidogo.

Hayakufika 80. Mashine ilipopata mbegu za kutosha, mafuta ghafi yalianza kujaa kwenye tangi kabla ya chujio, na mara mbili kwa zamu ilibidi izimwe ili vitambaa vibadilishwe. Nilichukua daftari langu na penseli, nikahamia nguzo iliyo karibu na chujio.