Jinsi ya Kukagua Gharama za Dhoruba Zinapoombwa Kupitia Bei ya Umeme

Mvua za Machi hadi Mei zinapoangusha nguzo na kuunguza transfoma nchini Kenya kuanzia Kakamega hadi Kisumu, msambazaji wa umeme hutengeneza kwanza, kisha huomba kurudishiwa gharama. Hutaona tozo ya dhoruba kwenye bili: gharama ya mafuta na marekebisho ya fedha za kigeni yameandikwa peke yake, lakini ukarabati umo ndani ya bei ya msingi ya kila uniti, ambayo Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, huipitia kwa kawaida kila baada ya miaka 3. Mapitio hayo, pamoja na mikutano yake ya kupokea maoni ya umma, ndiyo nafasi ya mwananchi kuuliza.

Anza kukusanya ushahidi mara tu baada ya dhoruba. Mafundi wakishazima laini na kuthibitisha kuwa ni salama (usiukaribie kamwe waya ulioanguka), piga picha ya kisiki cha nguzo iliyovunjika. Nguzo ya mti iliyovunjwa na upepo ikiwa nzima huacha vipande virefu vyeupe. Iliyooza usawa wa ardhi huwa nyeusi na humomonyoka kwa kidole. Angalia pia kama mikaratusi iliyokuwa karibu ilikuwa imeacha kupogolewa hadi matawi yakagusa nyaya. Tofauti hii ina uzito mkubwa kuliko nyingine zote, kwa sababu mteja anapaswa kulipia nguvu za dhoruba, wala si uzembe wa miaka mingi.

Ombi likitangazwa, tafuta jedwali la gharama na utenganishe mambo mawili. Mishahara ya ziada, magari na kazi ya kuunganisha nyaya ni matumizi ya mwaka huo. Nguzo na transfoma mpya ni rasilimali, ambazo gharama yake hugawanywa kwa miaka zitakazotumika, pamoja na faida ambayo msambazaji huruhusiwa kupata kwa fedha alizowekeza. Hakikisha kitu kimoja hakijaingizwa pande zote mbili, na kwamba thamani iliyobaki ya transfoma iliyoungua imeondolewa vitabuni; la sivyo, mtaendelea kulipia faida ya kifaa ambacho hakipo tena. Kisha uliza fidia ya bima imeondolewa wapi katika gharama zinazoombwa, na ni kiasi gani cha ukarabati wa kawaida kilichokwisha kuruhusiwa katika bei iliyopo. Nchini Australia, kampuni ya usambazaji haiwezi kupitishia wateja gharama ya tukio kama hilo katikati ya kipindi cha bei mpaka izidi 1% ya mapato yake ya mwaka yanayoruhusiwa. Ni kipimo kizuri cha kupendekeza hapa.

Andika maoni yako kwa ufupi, ukiambatisha picha, tarehe na mahali, na uombe kila kipengele kijibiwe. Sheria ya Nishati ya 2019 inataka bei ziwe za haki na za kiasi, kwa hiyo jenga hoja zako juu ya msingi huo. Usiporidhika na uamuzi, una siku 30 tangu kuupokea za kukata rufaa katika Mahakama Maalum ya Nishati na Petroli.