Unataka kazi ya fedha? Anza na taarifa tatu, cheti kitafuata

Wengi wanaoniuliza wataingiaje kwenye kazi za fedha wanaanza na cheti, nisome CFA au ACCA au CPA, na mimi huwa nawarudisha nyuma kidogo, maana kwenye intavyuu na hata ukishaanza kazi utawekewa namba mezani uambiwe haya tueleze hapa kumetokea nini. Hiyo ndo kazi yenyewe. Fuata mpangilio huu na usiruke.

Hatua ya 1: zishike taarifa tatu mpaka uone zinavyoungana

Faida na hasara, balansi shiti (mali, madeni na mtaji), na mtiririko wa fedha (hela iliyoingia na iliyotoka). Moja moja hazisumbui, shughuli ipo kwenye kuziunganisha. Weka kompyuta pembeni, chukua karatasi ufanye zoezi hili: uchakavu wa mashine, yaani gharama ya thamani yake kushuka kadiri inavyotumika, umeongezeka kwa 100, kodi ni asilimia 30 na inalipwa taslimu.

Kwenye faida na hasara, faida kabla ya kodi inashuka 100, kodi inapungua 30, kwa hiyo faida baada ya kodi inashuka 70. Hamia kwenye mtiririko wa fedha, unaanza na ile hasi 70 halafu unarudishia 100 ya uchakavu kwa sababu hakuna hela iliyotoka, unabaki na chanya 30. Sasa balansi shiti: hela imepanda 30, thamani ya mashine imeshuka 100, jumla ya mali imeshuka 70, na upande wa pili faida iliyolimbikizwa, ambayo ni sehemu ya mtaji, nayo imeshuka 70. Imebalansi.

Wengi wanakwama hapo, faida imeshuka halafu hela imeongezeka, inakuwaje? Ni kwamba kodi imepungua, basi. Rudia mpaka uweze kumweleza mtu kwa mdomo bila karatasi, kisha jitungie mengine: umeuza kwa mkopo, umenunua stoku kwa taslimu, umekopa benki, umelipa gawio. Kila moja ulifuate kwenye taarifa zote tatu. Ukiiva hapa, yanayofuata yote yanakuwa mepesi, nakuhakikishia.

Hatua ya 2: soma ripoti ya mwaka ya kampuni halisi

Kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa huweka ripoti zao wazi na kupakua ni bure. Usianzie kwenye barua ya mwenyekiti na zile picha nzuri, anza na maoni ya mkaguzi halafu maelezo ya hesabu kule nyuma. Panga miaka mitano pembeni kwa pembeni, faida mstari mmoja, hela iliyotokana na shughuli za biashara mstari wa chini yake. Ukiona faida inapanda kila mwaka ila hela haifuati, nenda kwa wadaiwa (wateja ambao hawajalipa) na stoku, mara nyingi jibu liko huko.

Hatua ya 3: Excel, ila kwa nidhamu

Zana za kuanzia ni chache tu, SUMIFS ya kujumlisha kwa masharti, INDEX na MATCH au XLOOKUP za kutafuta namba kwenye jedwali, na pivoti ya kufupisha data. Kinachokutofautisha na wengine ni usafi wa faili. Namba uliyoingiza kwa mkono iwe bluu, fomula iwe nyeusi. Makadirio yote yakae shiti moja. Ukikuta =B5*1.08 ndani ya modeli yako (faili la kukadiria hesabu za kampuni) itoe, hiyo asilimia 8 ipe seli yake yenye jina, maana kesho bosi atataka kuona asilimia 5 na wewe utaanza kuwinda namba shiti nzima. Weka na seli ya kucheki, mali toa madeni toa mtaji, jibu lazima liwe sifuri.

Na usidhani makosa ya Excel ni ya wanaojifunza tu. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wa Marekani, walitoa utafiti kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, ukanukuliwa na wanasiasa waliotaka kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alipata faili lao, akakuta fomula ya wastani imekatika kabla ya mwisho wa orodha na kuziacha nchi tano nje. Kulikuwa na hoja nyingine pia kuhusu mbinu, lakini hilo la fomula wenyewe walilikubali. Kwa hiyo kabla hujatuma chochote, bofya kila fomula ya jumla na ya wastani uone inaanzia wapi inaishia wapi.

Hatua ya 4: andika ukurasa mmoja

Ukimaliza modeli mwandikie mtu asiyejua fedha. "Mapato yamepanda asilimia 12" haimsaidii. "Mapato yamepanda kwa sababu tumepandisha bei, wateja wenyewe wamepungua" hiyo inamfanya aamue kitu.

Hatua ya 5: sasa ndo cheti

Ukipenda uwekezaji na uchambuzi wa hisa nenda CFA, ina ngazi tatu, na wenyewe wanashauri takriban saa 300 za kusoma kwa kila ngazi, hivyo pima muda wako kwanza. Uhasibu na ukaguzi ni ACCA au CPA. Usimamizi wa hatari, FRM.

Kwenye sivii usiandike "najua Excel". Andika umejenga modeli ya kampuni gani, kwa ripoti za miaka ipi, na ukiitwa nenda na faili lenyewe ili wakitaka kuliona ulifungue hapohapo.