Somo: Kukua Kiimani kwa Makusudi Katikati ya Shughuli za Kila Siku

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo hili limetokana na swali ambalo limerudi mara kwa mara katika ushirika wetu: kwa nini mtu aliyeokoka miaka mingi, asiyekosa ibada ya Jumapili wala kesha la Ijumaa, bado ana hasira ileile, ulimi uleule na hofu ileile ya fedha aliyokuwa nayo kabla ya kumpokea Kristo? Jibu langu, ambalo najua halitawapendeza wote, ni kwamba wengi wetu tumeongeza mikutano bila kuongeza utii. Nairobi haina uhaba wa mahubiri. Saa ya chakula cha mchana utayasikia Jeevanjee Gardens, utayakuta ndani ya matatu jioni, na usiku yatakufikia kupitia redio ya jirani. Waraka wa Yakobo (1:22) unatutaka tuwe watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu, na hatua zifuatazo zimepangwa ili neno unalolisoma lipate mahali pa kutendeka siku iyo hiyo.

Hatua ya kwanza: chagua jambo moja

Soma 2 Petro 1:5–7. Mtume anaanza na imani, kisha anataja wema, maarifa, kiasi, saburi, utauwa, upendano wa ndugu na upendo, na anatuagiza tujitahidi kuyaongeza hayo. Usiyashike yote kwa pamoja. Chagua moja, ulifanyie kazi kwa miezi mitatu, na uliandike kwa maneno ya nyumbani kwako. "Niwe na saburi" bado ni maneno ya mimbarini. "Nisiwafokee watoto asubuhi ninapowaandaa kwenda shule" ni jambo unaloweza kulipima kila siku. Asiyejua pa kuanzia na amuulize mtu anayeishi naye, naye atajibiwa upesi kuliko anavyotarajia.

Hatua ya pili: tenga saa na mahali

Danieli aliomba mara tatu kwa siku, dirisha likiwa wazi kuelekea Yerusalemu (Danieli 6:10), na Bwana Yesu aliondoka alfajiri na mapema kwenda kuomba mahali pasipokuwa na watu (Marko 1:35). Wote wawili walikuwa na wakati na mahali. Anayeishi Rongai au Githurai na kutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili akwepe msongamano hawezi kuahidi saa nzima, na akiahidi ataivunja ndani ya wiki. Dakika kumi na tano zinatosha kuanzia. Wako wanaofika kazini mapema wakaketi ngazini kabla ofisi haijafunguliwa, na wako wanaoingia Basilika ya Familia Takatifu katikati ya jiji wakati wa chakula cha mchana, wakaketi kimya na kurudi kazini. Ndani ya matatu inawezekana, mradi muziki uwe umekuacha na akili ya kusoma.

Hatua ya tatu: soma kitabu kimoja hadi mwisho

Hapa ndipo wengi hupoteza njia, kwa sababu wamezoea kupokea mstari mmoja kwa simu kila asubuhi, wakautumia marafiki kabla ya kuuelewa. Anza na Injili ya Marko, yenye sura 16 tu, ukisoma kisa kimoja kwa siku. Kisome mara mbili, mara ya pili kwa sauti ikiwezekana, kisha ujiulize maswali matatu: Mungu anajionyesha vipi hapa? Mwanadamu anaonekana vipi? Nami natakiwa kufanya nini leo? Kama Kiswahili cha Biblia ya mwaka wa 1952 kinakulemea, tumia Biblia Habari Njema. Hakuna thawabu ya kusoma usichokielewa.

Chukua mfano wa mpanzi katika sura ya 4. Katika mstari wa 19 Bwana anaeleza miiba inayolisonga neno: shughuli za dunia, udanganyifu wa mali na tamaa za mambo mengine. Tazama kwamba shughuli ndizo zinazotajwa kwanza, nazo kwa sehemu kubwa si dhambi. Ni kodi ya nyumba, karo, tokeni za stima zinazoisha usiku, na mkopo wa simu unaokatwa mara tu mshahara unapoingia. Neno halikukataliwa na mtu huyu, lilikosa nafasi. Msomaji makini hataishia kusema kwamba kisa kimembariki. Atajiuliza ni shughuli ipi hasa, katika wiki hii, inayomnyima nafasi hiyo, na pengine atagundua kwamba ni kazi ya ziada aliyoichukua ili kulipia kitu ambacho hakukihitaji.

Hatua ya nne: tenda jambo moja siku hiyo

Kabla hujafunga Biblia, taja tendo moja dogo, lenye mtu na saa. Wakati mwingine siku itakuletea tendo lenyewe. Tuseme umesoma juu ya udanganyifu wa mali, na saa nne asubuhi simu yako inapokea shilingi 3,500 za M-Pesa kutoka kwa mtu usiyemjua, kisha anapiga akilia kwamba amekosea nambari. Kwanza thibitisha salio lako, kwa maana ujumbe bandia wa namna hiyo ni mtaji wa matapeli, na Mkristo hakuitwa kuwa mjinga. Ukikuta fedha zimeingia kweli, mwambie mtu huyo aombe zirudishwe kupitia kampuni ya simu, nawe usizitoe wala kuzitumia. Wakati huo moyo utakukumbusha deni la dukani na kukunong'oneza kwamba huenda Mungu amejibu maombi yako. Ni hapo utakapojua kama ulisoma au ulipitisha macho tu.

Hatua ya tano: uwe na mtu wa kukuuliza

Kanda yetu ina historia ya jambo hili. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao Gahini nchini Rwanda ilikuwa kitovu chake katika miaka ya 1930 na ambao ulienea hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, ulikua kwa kiasi kikubwa ndani ya mikutano midogo ya ushirika, ambamo ndugu waliungama dhambi kwa kuzitaja, wakarudisha walivyoiba na kuombana radhi. Waliita hayo kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1:7. Kwa upande wa Wakatoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kipaumbele mwaka wa 1976, na hadi leo majirani hukutana nyumba kwa nyumba kusoma Injili. Sisi tumebaki na makundi ya simu yenye watu mia mbili, ambamo kila mmoja huandika "Amina" na hakuna anayeulizwa lolote. Tafuta mtu mmoja, wa jinsia yako, mwenye kukua kuliko wewe walau katika jambo ulilolichagua, mkutane kila wiki, naye akuulize waziwazi: ulitenda?

Hatua ya sita: jipime jioni

Dakika tano zinatosha: shukuru, ungama, lala. Jumapili, shiriki ibada na watu wako, kisha upumzike kweli.

Maswali ya washiriki

Swali (muuguzi, Kayole): Mwalimu, mimi hufanya zamu za usiku wiki hii na za mchana wiki ijayo. Nitatenga saa gani?

Jibu: Dada, achana na saa ya ukutani, ufuate tukio. Weka wakati wako mara tu baada ya kuoga ukitoka kazini, iwe ni asubuhi au usiku. Kwa zamu ngumu, soma Zaburi moja fupi tu, kama ile ya 121 au ya 131, bila kujilaumu.

Swali (kijana, Umoja): Ninasoma Biblia kwenye simu, lakini baada ya dakika mbili najikuta natazama video.

Jibu: Nunua ya karatasi, au zima data.

Swali (karani, Industrial Area): Mkubwa wangu huniagiza niandike risiti za kiasi kilichozidi, na tofauti huiweka mfukoni. Nikikataa nitafutwa, nami nina watoto watatu. Kukua kiimani kunasema nini hapo?

Jibu: Ndugu yangu, sitakujibu kana kwamba karo italipwa na mtu mwingine. Hata hivyo, kuandika uongo huo ni wizi unaotumia mkono wako, na siku ukaguzi ukifanyika, mwandiko utakaoonekana ni wako. Wiki hii mweleze mwenzako wa maombi, na muanze kutafuta kazi nyingine. Kisha mwendee mkubwa wako faraghani, kwa heshima, umwambie kwamba utaandika kiasi halisi tu. Usimhubirie wala kumtisha. Huenda akakuhamisha, huenda akakufuta, na huenda akaacha kukutumia. Siwezi kukuhakikishia lipi. Ushirika nao una wajibu: ukipoteza kazi kwa sababu hii, sisi tunaokufundisha tusipochangia unga na karo, tutakuwa tumekutwika mzigo ambao sisi wenyewe hatuugusi.

Swali (mama, Kawangware): Je, hizi hatua si kujitafutia wokovu kwa matendo?

Jibu: Waefeso 2:8–10 inaweka mpangilio. Tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, na tumeumbwa katika Kristo ili tutende matendo mema. Ukiruka siku tatu, Mungu hajakufuta katika hesabu ya watoto wake. Endelea pale ulipoachia, wala usijaribu kulipa zile siku kwa kusoma sura kumi kwa mkupuo.

Swali (mshiriki, Ruaka): Nilimweleza rafiki siri yangu, na Jumatano ikatajwa mbele ya watu kama ombi la maombi. Nimeapa sitamwambia mtu tena.

Jibu: Ulikosewa, na kulificha kosa hilo kwa jina la maombi kunaliongezea ubaya. Mathayo 18:15 inakuelekeza umwendee ninyi wawili peke yenu, umwambie alichokosa. Kumsamehe hakukulazimishi kumpa siri nyingine. Unapomtafuta mtu mwingine, anza na jambo dogo usiloogopa likijulikana, ungoje mwezi mmoja, na usikilize kama limerudi kwako kupitia kinywa cha mtu mwingine. Lisiporudi, mwambie la pili.